Mtaalamu Kijana wa Afya ya Mimea na Daftari la Chama cha Msingi

(Mazungumzo kwa Makatibu na Wajumbe wa Kamati za Vyama vya Msingi)



Mara kwa mara vijana wa Afrika Mashariki waliohitimu elimu ya kilimo huondoka makwao kwenda kufundishwa zaidi juu ya maradhi na wadudu wa mimea. Wengine huenda Marekani au Ulaya, wengine Mexico, na wengine hawavuki bahari bali huishia Nairobi au Ibadan. Nauli, posho na gharama za maabara hulipwa na mfuko uliotengwa kwa kazi hiyo. Muda wenyewe huweza kuwa wa majuma machache, na huweza kufika miaka mitatu. Huo ndio ufadhili wa mafunzo.

Habari za safari kama hizo zikitajwa katika mkutano mkuu wa chama cha msingi, hupokewa kwa namna mbili. Wako wanaofurahi kwamba mtoto wa kijiji amepata elimu. Wako pia wanaonung'unika, wakisema kwamba kijana anakwenda kutazama theluji na mkulima anabaki na mibuni yake inayokauka. Manung'uniko hayo hayafai kupuuzwa. Mkulima ndiye anayepata hasara, na ana haki ya kuuliza faida ya jambo linalofanywa kwa jina lake.

Kusudi la mazungumzo haya ni kulijibu swali hilo: elimu ya mtaalamu kijana aliyefundishwa ng'ambo humfikiaje mwanachama shambani, na chama cha msingi kina wajibu gani katika kuifikisha? Kabla ya kujibu, yafaa kutazama mambo matatu yaliyotokea kweli, moja la kushindwa na mawili ya kufaulu.

MTAALAMU ALIYECHELEWA

Katika karne ya 19 kisiwa cha Ceylon, ambacho leo ni Sri Lanka, kilikuwa miongoni mwa nchi zilizoongoza duniani kwa kilimo cha kahawa. Mwaka 1869 ikatambuliwa huko kutu ya majani, ugonjwa uleule unaojulikana na kila mkulima wa kahawa wa Afrika Mashariki: madoa ya rangi ya chungwa upande wa chini wa jani, kisha jani kudondoka, kisha mbuni kubaki fito tupu. Wenye mashamba walibishana kwa miaka mingi. Wengine walilaumu mvua, wengine udongo, wengine walisema ugonjwa utapita wenyewe.

Mwaka 1880, yaani miaka 11 baadaye, aliletwa kijana mmoja Mwingereza, Harry Marshall Ward, aliyekuwa ametoka karibuni katika masomo yake ya Cambridge. Alikaa kisiwani miaka miwili. Alipaka vipande vya kioo kitu cha kunata, akavitega shambani, na kwa njia hiyo akaonyesha kwamba vumbi la kutu huchukuliwa na upepo. Alionyesha pia kwamba vumbi hilo huota ndani ya tone la maji juu ya jani, kisha hupenya kwa vitundu vidogo ambavyo jani huvutia hewa. Alieleza kuwa dawa haina budi kulifikia jani kabla kutu haijaingia ndani, na kwamba mashamba ya kahawa yaliyoungana bila miti ya kukinga upepo ndiyo yaliyourahisishia ugonjwa safari yake.

Aliyosema yalikuwa kweli, na mkulima wa kahawa angali anayatumia hata leo. Lakini yalisemwa wakati mashamba yamekwisha kuharibika. Wenye mali waling'oa mibuni wakapanda chai, na Ceylon ikaacha kuwa nchi ya kahawa. Kosa halikuwa la kijana huyo. Kosa lilikuwa kwamba mtu wa kazi hiyo alianza kutafutwa baada ya moto kuwaka. Mtaalamu wa maradhi ya mimea haundwi katika msimu mmoja, kwa hiyo hapana budi awe amekwisha kufundishwa kabla ugonjwa haujabisha hodi.

WALIOFIKA KWA WAKATI

Jambo la pili lilitokea Afrika, nalo lahusu mhogo. Mwaka 1973 alionekana katika nchi za Kongo mdudu mdogo mweupe, mfano wa aliyepakwa unga, anayefyonza ncha za mihogo hata majani yakajikunja na shina likadumaa. Alikuwa ametoka Amerika ya Kusini pamoja na vipando. Kwa kuwa huku hakuwa na adui wa kumpunguza, alienea nchi hata nchi, na katika miaka ya 1980 akaingia pia Afrika Mashariki. Familia zilizotegemea mhogo kama akiba ya njaa zikaona akiba hiyo inatoweka.

Mwaka 1979 Taasisi ya Kimataifa ya Kilimo cha Nchi za Joto, iliyoko Ibadan, Nigeria, ilimwajiri Hans Herren, kijana wa Uswisi aliyezaliwa mwaka 1947. Baada ya kupata udaktari kwao, alikuwa amekwenda Chuo Kikuu cha California, Berkeley, kujifunza namna ya kuzuia wadudu waharibifu kwa kutumia maadui wao wa asili. Wazo lake lilikuwa jepesi kulieleza na gumu kulitimiza: kama mdudu ametoka Amerika ya Kusini na huko hafanyi uharibifu mkubwa, basi huko yuko anayemla. Mwaka 1981 mdudu huyo alipatikana Paraguay, pamoja na nyigu mdogo sana anayetaga yai ndani ya mwili wake. Nyigu hao walipelekwa kwanza London kuchunguzwa, isije ikaletwa balaa nyingine, kisha wakafikishwa Ibadan na kuachiwa mashambani mwaka huohuo.

Nyigu walizaana na kuenea, na mhogo ukapona katika sehemu kubwa ya Afrika bila mkulima kununua hata chupa moja ya dawa. Mwaka 1995 Herren alipewa Tuzo ya Chakula Duniani. Lakini yafaa makatibu watazame jambo lisilosemwa sana. Mtu mmoja wa Ibadan hangeweza kulea nyigu, kuwasafirisha, kuwaachia na kuwahesabu katika nchi zaidi ya 20. Kazi hiyo ilifanywa na vijana wa nchi hizo wenyewe, waliofundishwa kisha wakarudi makwao, kila mmoja akijua mashamba ya wapi yatembelewe na wakulima gani waulizwe.

JICHO LILILOKUWA SHAMBANI

Jambo la tatu lilitokea jirani zaidi. Mwaka 1998, katika kituo cha utafiti cha Kalengyere, kusini-magharibi mwa Uganda, mtaalamu wa ngano William Wagoire aliona kutu ya shina juu ya ngano ambazo hazikutazamiwa kuugua. Ngano hizo zilikuwa na kinga iliyotumainiwa duniani kote kwa miaka mingi. Mtu asiyefundishwa angeiona kutu na kuandika neno moja tu: kutu. Yeye alitambua kwamba kutu hii imepita mahali ambapo haikupasa kupita. Sampuli ilipelekwa Afrika ya Kusini kwa mtaalamu Zacharias Pretorius, naye akathibitisha kwamba ni aina mpya. Ikapewa jina la Ug99, yaani Uganda na mwaka 1999.

Baadaye aina hiyo ilionekana Kenya na Ethiopia, ikavuka bahari mpaka Yemen, na mwaka 2007 ikatambuliwa Iran. Upepo hauombi pasipoti. Mwaka 2005 wataalamu walikutana Nairobi. Miongoni mwao alikuwamo Norman Borlaug, mzee wa miaka 91, ambaye mwaka 1970 alipata Tuzo ya Nobel ya Amani kwa kazi yake ya ngano, na ambaye udaktari wake mwenyewe ulikuwa katika elimu ya maradhi ya mimea. Kituo cha Njoro, Kenya, kikafanywa mahali pa kupimia ngano za dunia mbele ya kutu hiyo. Vijana wa mataifa mengi wamefundishwa hapo namna ya kupita mstari kwa mstari, kutazama shina, kupima kiasi cha ugonjwa na kuandika. Kutokana na kazi hiyo zilipatikana mbegu zinazostahimili, na baadhi yake zimekwisha kufika kwa wakulima wa Kenya na wa nchi nyingine.

Mambo haya matatu yana fundisho moja. Ceylon mtaalamu aliletwa ugonjwa ulipokwisha kushinda. Ibadan mtaalamu alikuwa tayari, na vijana wa kila nchi walikuwa tayari kumsaidia. Kalengyere mtaalamu alikuwa yuko shambani siku ugonjwa ulipofika, na alimjua mtu wa kumpelekea sampuli. Ufadhili wa mafunzo huwapa vijana mambo hayo mawili: elimu ya kutambua, na mtu wa kumwandikia.

MAFUNZO YENYEWE

Wanachama wengi hudhani kwamba kila mfadhiliwa huenda kukaa darasani kwa miaka. Sivyo ilivyo. Mwaka 2004 Wizara ya Kilimo ya Marekani ilianzisha ufadhili uliopewa jina la Borlaug, kwa heshima ya kutimiza kwake miaka 90. Utaratibu wake ulikuwa kwamba kijana huleta tatizo la nchi yake likiwa limeandikwa kama mpango wa kazi, hukaa majuma kadhaa katika chuo au maabara pamoja na mwalimu mlezi aliye bingwa wa tatizo hilo, kisha mlezi naye humfuata kijana nchini kwake kuona kazi inavyoendelea. Sharti hilo la mwisho lina hekima, kwa kuwa mwalimu aliyeona maabara ya mwanafunzi wake hataendelea kumshauri atumie vyombo asivyo navyo.

Mwaka 2008 ulianza Nairobi mpango wa wanawake watafiti wa kilimo wa Afrika, ujulikanao kwa kifupi kama AWARD. Kila aliyechaguliwa alipewa mlezi, na yeye naye alitakiwa kumlea msichana aliye nyuma yake kimasomo. Mwaka 2010 ikaanzishwa tuzo ya wanawake vijana wanaofanya kazi ya ngano, iliyopewa jina la Jeanie, binti wa Borlaug. Ikumbukwe kwamba katika mashamba mengi ya wanachama, mama ndiye anayeona jani la kwanza lililobadilika rangi, kwa kuwa ndiye anayeshinda shambani. Mtaalamu mwanamke huambiwa mambo ambayo Bwana Shamba hakuambiwa.

Wala si lazima elimu itafutwe mbali. Profesa Thomas Odhiambo wa Kenya alisoma Makerere kisha Cambridge, akarudi, na mwaka 1970 akaanzisha Nairobi kituo cha kimataifa cha elimu ya wadudu, ICIPE. Mwaka 1983 kituo hicho, pamoja na vyuo vikuu vya Afrika, kikaanza kuwafundisha vijana wa bara hili mpaka kufikia udaktari, wakichunguza wadudu wa mashamba ya kwao. Hapo mtu mmoja aliyesoma ng'ambo aliwafungulia mlango wengi wasiopata nauli.

MANUNG'UNIKO YA WANACHAMA

Pamoja na hayo yote, ukweli lazima usemwe. Wako vijana wasiorudi. Wako wanaorudi na kupewa meza ya ofisi, wakawa wasimamizi wa magari na mafaili, na elimu yao ikapata kutu kama ile waliyokwenda kuisoma. Wako wanaorudi katika maabara isiyo na dawa za kupimia. Tena wako ambao, wakiwa ng'ambo, walipewa kazi ya kuchunguza tatizo la mlezi wao badala ya tatizo la mkulima wao.

Makosa hayo si yote ya vijana. Kijana akirudi asikute sampuli, asikute taarifa, asikute mkulima anayemwita, atafanya nini? Atakaa mjini, na atajishughulisha na yale yaliyo mjini. Bunduki isiyo na risasi hailindi shamba. Na risasi za mtaalamu wa mimea ni habari: wapi, lini, zao gani, mbegu gani, dalili gani. Habari hizo hazipatikani Berkeley wala Cambridge. Ziko katika kijiji cha mwanachama, na sehemu yake kubwa tayari imeandikwa katika daftari la chama cha msingi.

DAFTARI LA CHAMA

Chukua mfano. Katibu anapokea mazao na kuandika jina, tarehe na uzito. Mwisho wa msimu anajumlisha, anapeleka hesabu kwenye Chama Kikuu, na daftari linafungwa. Lakini daftari hilohilo likisomwa kwa vitongoji, badala ya kusomwa kwa majina tu, linasema jambo jingine. Ikiwa wanachama wa kitongoji kimoja waliozoea kuleta magunia 10 wameleta matano, na wenzao wa ng'ambo ya mto hawakupungukiwa, basi si mvua, kwa sababu mvua imenyesha pande zote mbili. Huenda ni wezi wa mazao, huenda ni walanguzi, na huenda ni ugonjwa. Kwa vyovyote vile, katibu ndiye mtu wa kwanza katika wilaya nzima aliyeweza kuliona jambo hilo, kabla ya wizara na kabla ya maabara.

Na hasara ya kutoliona haimwishii mwanachama mmoja. Pembejeo zilitolewa kwa mkopo. Zao likipotea, deni halipotei. Wanachama 20 wa kitongoji kimoja wakishindwa kulipa, chama kizima hushindwa kulipa, na msimu unaofuata hata wale ambao mashamba yao ni mazima hukosa mbolea. Ugonjwa wa mimea ukiachwa huwa ugonjwa wa hesabu, na chama kilichopata ugonjwa wa hesabu huinuka kwa shida.

Kwa hiyo yafaa kila chama cha msingi kitimize mambo manne, na hakuna hata moja linalohitaji fedha nyingi.

Kwanza, katika daftari la mapokezi iongezwe safu moja ya kitongoji, na mwisho wa msimu Kamati ilinganishe msimu huu na misimu miwili iliyotangulia. Panapopungua bila sababu inayojulikana, Bwana Shamba au Bibi Shamba aarifiwe kwa barua, na nakala ibaki katika faili.

Pili, kila kitongoji kiwe na mwanachama mmoja aliyeonyeshwa namna ya kuchukua sampuli. Majani au matawi yenye dalili, pamoja na mengine yaliyo mazima kwa kulinganisha, hufungwa katika karatasi kavu, wala si katika mfuko wa plastiki, kwa sababu ndani ya plastiki huoza kabla ya kufika. Karatasi iandikwe tarehe, kijiji, zao, aina ya mbegu na siku dalili zilipoonekana. Picha iliyopigwa kwa simu ya mkononi ni msaada mkubwa, lakini haichukui nafasi ya maelezo hayo. Sampuli ipitie kwa ofisa kilimo. Mwanachama asibebe mmea mgonjwa kutoka wilaya moja hata nyingine, maana huenda akawa ndiye upepo wa ugonjwa huo.

Tatu, chama kijue wataalamu waliko. Kwa Tanzania, Sheria ya Afya ya Mimea ya mwaka 2020 iliunda Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, yenye makao makuu Arusha. Kwa upande wa kahawa iko taasisi ya utafiti, TaCRI, iliyoanza mwaka 2001 kwa mpango wa wadau wa zao hilo, wakulima wakiwamo. Miche yake inayostahimili chulebuni na kutu ya majani imekwisha kupandwa na wanachama wengi. Miche hiyo ni kazi ya miaka mingi ya wataalamu waliofundishwa wakarudi wakafanya kazi shambani.

Nne, kijana aliyerudi kutoka mafunzoni aalikwe katika mkutano wa chama. Aulizwe alikwenda kujifunza nini, na analo jibu gani kwa tatizo la zao hili. Akiwa nalo, apewe shamba la mwanachama mmoja la kuonyesha. Akiwa hana, apewe tatizo lenyewe akalichunguze. Na kijana wa kijiji anayeomba ufadhili apewe na Kamati barua yenye maelezo ya ugonjwa unaowasumbua wanachama, pamoja na hesabu za misimu mitatu. Barua ya namna hiyo humsaidia mwombaji kuliko sifa kumi za tabia njema, kwa maana huonyesha kwamba tatizo ni la kweli na kwamba nyumbani wako watu wanaomngoja.

Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Lakini anayerudi ngamani lazima amkute mtu wa kumpokea. Ndugu Makatibu waombwa kuliweka jambo hili katika ajenda ya kikao cha Kamati kitakachofuata, kuamua jina la mwanachama wa kuchukua sampuli katika kila kitongoji, na kupeleka orodha hiyo kwa ofisa kilimo wa kata kabla ya mvua za kwanza. Magonjwa mengi huanza na mvua hizo, na daftari jipya nalo hufunguliwa wakati huohuo.